Nyuzi Mia na Nane

Wifi yangu Polikseni alikuwa mwoga. Nasema wazi mapema, kwa sababu siku hizi wapo watu wanaomfanya simba, na wengi wao ni wale wale waliovuka barabara wasikutane naye. Aliogopa mbwa, aliogopa daktari wa meno, aliogopa barua yoyote yenye muhuri. Akimwandikia mama yake aliyeishi mji wa Pogradec, aliisoma barua mara nne kabla ya kuifunga, akitafuta neno linaloweza kueleweka vibaya na kulifuta. Mwisho barua ilibaki na habari za mvua na mafua ya watoto.

Alifundisha hesabu kwenye shule ya mtaa wetu hapa mjini Korçë kwa miaka kumi na minne. Aliniambia aliipenda hesabu kwa sababu haina watu ndani yake. "Pembetatu haina kaka aliyetoroka nchi," alisema siku moja tukichambua maharage, kisha akashtuka na kutazama dirisha kama limefungwa.

Mimi ni dada wa Vangjel, mumewe. Sikuolewa, niliishi nao, na watu wa mtaa walisubiri miaka yote waone mawifi wakitoana macho. Hawakuona kitu. Tuliwahi kugombana kuhusu chumvi ya lakror, ile pai ya vitunguu aliyoiharibu kila Jumapili, basi. Asubuhi yeye alikwenda shule na mimi nilikwenda karakana ya vigae, ambako nilisimama kwenye mashine ya kushindilia. Unamimina uji wa saruji yenye rangi ndani ya kalibu ya chuma, unafunika kwa saruji kavu na mchanga, unashusha mkono wa mashine kwa uzito wako wote, unatoa kigae. Halafu unakisimamisha kwa ubavu kwenye rafu, na hapo kinakaa mwezi mzima kikauke.

Mwaka wa sabini na nne, mwishoni mwa kiangazi, alitujia Ndugu Rakip, katibu wa chama aliyekabidhiwa ujenzi wa jumba jipya la utamaduni mtaani. Tulikuwa tumezoea kushindilia vigae vya pembe sita, kwa sababu sakafu zote nzuri za mji huu zina pembe sita. Rakip hakuzitaka. Alisema hizo ni sakafu za wafanyabiashara wa zamani, na nyota ya bendera yetu ina ncha tano, kwa hiyo jumba letu litakanyaga pembe tano, zote zimeshikana bila hata ufa mmoja, kama wananchi walivyoshikana. Alileta mchoro aliouchora mwenyewe, kigae kimoja tu katikati ya karatasi, kimechorwa vizuri. Fundi wa chuma akatengeneza kalibu kwa kufuata mchoro ule, na mimi nikaanza kushindilia.

Usifikiri alikuwa mjinga. Vya pembe nne vinakaa sakafuni, vya pembe sita vinakaa, sasa vya pembe tano vilivyo katikati yao vitakataaje? Hata mimi niliona hivyo. Na desturi yetu ya kazi ilikuwa kwamba amri ikishatoka juu, hesabu ya vigae vilivyokwisha ndiyo inayoandikwa ubaoni kila jioni, na ubao hauulizi vinakwenda wapi. Tulishindilia elfu nne kabla hata vitatu havijalazwa chini pamoja.

Nimesema uongo hapo, wacha nirekebishe. Vitatu vililazwa. Wiki ya pili, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nilivilaza mimi juu ya meza, ncha kwa ncha, nikaona uwazi umebaki, mwembamba kama kipande cha jibini. Kigae cha nne hakikuingia. Nilivitazama, kisha nikavirudisha rafuni kimoja kimoja na kurudi kwenye mashine. Sikumwambia mtu. Jioni ile ubaoni niliandikiwa vigae vingi kuliko siku zote.

Mtandazaji wa vigae alikuwa mzee Fotaq. Alikuwa na miaka sitini na mbili, magoti yamekwisha kwa kupiga magoti kwenye sakafu za watu, na alikuwa na kaka aliyevuka mpaka kwenda Ugiriki mwaka wa hamsini na moja. Kaka huyo alikuwa kwenye faili lake kila alikokwenda, na Fotaq alijifunza kunyamaza. Lakini Jumatatu ile ya Novemba alilaza vigae vitatu mbele ya watu kumi, akavigeuza, akavilaza tena, akajaribu kuanzia upande wa ukuta, na uchovu ukamponyoka mdomoni.

"Havikai hivi, Ndugu Rakip," alisema. "Havikai hata ukiviombea."

Kuomba Mungu kulikuwa kumepigwa marufuku nchini kwa miaka saba. Kanisa la mtaa wetu lilikuwa ghala la mahindi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na toroli la vigae, nikaona jinsi watu wale kumi walivyoacha kutazamana. Kabla ya saa ya chakula Fotaq alikuwa amechukuliwa, na maneno yaliyotangulia kurudi karakana yalikuwa mawili, hujuma na dini. Kwa hujuma peke yake mtu alipelekwa machimboni miaka kumi. Kwa umri wake na magoti yake, asingemaliza hata miwili.

Jumanne mtu wa kamati ya chama alikwenda shuleni kwa Polikseni. Alikuwa mpole, wifi aliniambia, na upole ule ndio uliomtisha. Alimpa karatasi iliyopigwa chapa tayari, kwamba yeye, mwalimu wa hesabu, anathibitisha kitaalamu kuwa vigae vya pembe tano vilivyo sawa pande zote vinaweza kufunika sakafu bila kuacha nafasi. Kama vinaweza, basi Fotaq alikataa kwa makusudi. Ilibaki sahihi tu. Polikseni aliomba apewe muda akapige hesabu.

Yule mtu alicheka. Mwalimu mzima, siku ngapi kwa kigae kimoja? Akampa mpaka Ijumaa, saa nane, mbele ya wafanyakazi wote ukumbini.

Wifi alifika nyumbani amekuwa wa kijivu. Alifunga pazia, akafungua redio kwa sauti kubwa, kama tulivyofanya sote tulipotaka kuongea, kwa sababu ukuta wetu na wa jirani ulikuwa mmoja. Akachukua boksi la viatu vya watoto, akakata pembetano kumi na mbili kwa mkasi, akazimwaga mezani na kuanza kuzipanga.

Nilimwuliza anatafuta nini ilhali anajua jibu.

"Natafuta nilipokosea," alisema.

Alinionyesha. Kutoka kona moja ya pembetano alipiga mistari miwili, ikawa pembetatu tatu. Kila pembetatu ina nyuzi mia na themanini, tatu zinafanya mia tano na arobaini, gawanya kwa kona tano, kila kona nyuzi mia na nane. Na pale ncha zinapokutana sakafuni, duara zima linataka mia tatu na sitini. Kona tatu zinakupa mia tatu ishirini na nne, unapungukiwa. Kona nne zinapita. Kwa pembe sita kila kona ni mia na ishirini, tatu zinajaza kabisa. Miraba minne inajaza. Pembetatu sita zinajaza. Ukitaka umbo la aina moja tu lenye pande sawa na pembe sawa, ni hayo matatu, hakuna la nne. Alipiga hesabu ile tangu mwanzo mara tano, na kila mara alipofika kwenye mia na nane aliinua uso kwa matumaini, kana kwamba safari hii itatoka mia na ishirini ituokoe sote. Sijawahi kumwona mtu akiiomba namba ibadilike. Niliogopa kumtazama.

Vangjel aliingia, akavua kofia, akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa dereva wa lori na alijua barabara zote zinazokwenda huko ambako watu hupelekwa.

"Tia sahihi," alisema. "Tuna watoto wawili, Polikseni. Tia sahihi tulale."

Polikseni alirudi kwenye vipande vyake. Kaka yangu akaenda kukaa na watoto chumba cha pili, akiwaimbia kitu ili wasisikie.

Sasa yananijia ya kwangu, na sitayapaka sukari. Nilikuwa nimeshafikiri mbali kuliko Vangjel. Wifi akisema vinakaa, Fotaq atakwenda. Akisema havikai, kosa halitamwangukia Rakip, makosa hayakuwa yakiangukia huko. Watauliza nani alivishindilia. Nilimshika mikono yote miwili juu ya vile vipande vya boksi.

"Wifi, tia sahihi," nilimwambia. "Fotaq ni mzee. Hana mtoto. Mimi nilivilaza wiki ya pili, niliona havikai, nikanyamaza. Wakinigeukia nitawaambia nini?"

Redio ilikuwa inasoma mavuno ya ngano ya wilaya zote.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa huli," alisema.

Nikalia. Nililia kwa hofu, si kwa aibu. Aibu ilikuja baadaye.

Hakunikemea. Aliinuka akaleta kitabu cha hesabu cha darasa la saba, akakifungua ukurasa wa mwanzo, akaniwekea kidole kwenye muhuri wa wizara. Alinong'ona kwa haraka, kama mtu anayehesabu njia za kutokea.

"Ona, Eftali. Humu ndani imeandikwa mia na nane. Nikisema vinakaa, nimekipinga kitabu cha serikali mbele ya watu. Nikisema havikai, nimempinga Rakip. Muhuri upi mkubwa? Usidhani mimi shujaa. Naogopa. Ila kila nikigeukia upande wa uongo, huko naogopa zaidi. Kuna watoto mia tatu nimewafundisha hiyo namba. Mmoja tu akiwauliza wazazi wake, nimekwisha."

Hivyo ndivyo alivyofikia kusema kweli. Aliogopa akafuata hesabu ya hofu yake mpaka mwisho, na kweli ikawa ndiyo iliyobaki. Wanaotaka kumjengea sanamu wasijisumbue kuniuliza, nitawaambia hili hili.

Jumatano na Alhamisi zilipita bila mtu kula vizuri. Nilikwenda kazini, nikashindilia vigae vya pembe tano, kwa sababu hakuna aliyesema tuache. Kila nilipokitoa kimoja kwenye kalibu niliona kama natoa ushahidi wa kesi yangu mwenyewe. Alhamisi jioni wifi alifunga nguo za sufu kwenye mzigo mmoja, za kwake peke yake, akauweka nyuma ya mlango. Sote tulijua ni za kuvaa wakimchukua.

Ijumaa ukumbi ulikuwa na baridi ya kuuma meno, madirisha hayajatiwa vioo. Tulikuwa kama arobaini, tumesimama juu ya zege tupu. Fotaq aliletwa hana mkanda, ameshika suruali kwa mkono, ndevu zimeota nyeupe. Aliwekwa pembeni. Mtu wa kamati alikuwa na meza na mtungi wa maji, na Rakip alikuwa kando yake, koti limefungwa mpaka shingoni.

Polikseni aliitwa. Alikuja na mkoba wa shule, akaweka karatasi mezani, na kutoka nilipokuwa niliona mahali pa sahihi ni peupe. Aliulizwa kama vigae vinakaa au havikai.

Akaomba vigae vitatu. Vililetwa, akainama kukiinua kimoja kikamponyoka, kwa bahati hakikuvunjika. Mikono ilikuwa imekataa kabisa.

"Ndugu Rakip, nisaidie kuvilaza," alisema. "Mimi siwezi."

Watu wanasema alimtega. Hakumtega mtu yeyote, mikono ilikuwa haishiki. Lakini Rakip hakuweza kukataa kushika kigae mbele ya wafanyakazi, yeye aliyetuhubiria kila siku kazi ya mikono. Alipiga goti. Akalaza kimoja, akalaza cha pili ubavuni mwake, akasukuma cha tatu kwenye ncha. Uwazi ule ukabaki. Akakigeuza kigae, nacho kikigeuzwa ni kile kile. Akasukuma kwa nguvu, viwili vingine vikahama, uwazi ukahamia upande wa pili. Alikaa pale chini akisukuma huku na huku, na watu arobaini hatukukohoa. Shingo yake ikawa nyekundu.

Aliposimama alipangusa goti.

"Vigae ni vibovu," alisema. "Vimepinda. Nani alivishindilia?"

Hakuna aliyenitaja. Walinitazama tu, na ilitosha. Nakumbuka nilifikiria kitu cha kipuuzi, kwamba nimeacha sufuria ya maziwa juu ya jiko. Mtu wa kamati alichukua kalamu, akaniuliza jina langu na la baba yangu. Niliyasema, na sikuitambua sauti iliyoyasema.

Hapo kazi ya wifi yangu ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameonyesha alichoulizwa, angeweza kuondoka. Badala yake alipiga magoti palepale kwenye zege, akatoa mkobani kipimapembe kikubwa cha mbao, kile cha kuchorea ubaoni, akakiweka kwenye kona ya kigae.

"Mia na nane," alisema.

Akahamia kona ya pili. "Mia na nane." Ya tatu. Alimaliza tano, akavuta kigae kingine kwenye rundo. Sauti ilikuwa ile ile ya kutetemeka, haikupata ujasiri hata kidogo. Mia na nane, mia na nane. Alipofika kigae cha sita mtu wa kamati alimwambia inatosha. Hakuacha. Baadaye aliniambia hakusikia, na kwamba aliogopa kuacha kwa sababu hakujua kitu gani kitafuata akinyamaza. Alipima vigae ishirini, kona mia moja, anatambaa juu ya zege kwa sketi yake ya shule, na sisi tumesimama tunamtazama mwanamke mzima akitambaa.

Alipomaliza alibaki chini.

"Kalibu ni sahihi," alisema. "Aliyeshindilia ameshindilia sawasawa na mchoro. Mzee Fotaq amevilaza sawasawa."

"Basi kosa ni la nani, mwalimu?" mtu wa kamati aliuliza.

Rakip alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Jibu lilikuwa moja tu, kila mtu mle ndani alilijua, na kulitamka kulikuwa kujimaliza. Nilimwona Polikseni akilitafuta jibu jingine, macho yakizunguka sakafuni.

"Ni la tano, ndugu," alisema. "Namba tano ndivyo ilivyo."

Nyuma kuna mtu alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mtu wa kamati hakucheka. Aliandika, akafuta jina langu kwa mstari mmoja, akakunja karatasi ile isiyo na sahihi akaitia mfukoni. Fotaq alitazama chini muda wote.

Fotaq aliachiwa baada ya siku kumi na moja. Kwa lile neno la kuomba alisimamishwa mkutanoni ajikosoe, akajikosoa, akarudi kutandaza vya pembe sita. Rakip alihamishiwa kusimamia kiwanda cha matunda ya makopo, jambo ambalo si adhabu kwa mtu anayependa tini kama yeye. Vigae elfu nne vilipondwa vikawa kifusi cha barabara, na sakafu ya jumba ikawa ya mbao.

Barua ya Polikseni ilikuja Januari, ikiwa na muhuri. Ilimshukuru kwa kazi yake na kumhamishia shule ya kijiji kilichoko juu kabisa milimani, ili kuimarisha elimu huko. Hapakuandikwa kosa wala muda wa kurudi. Shule ilikuwa chumba kimoja, na maji yalichotwa mtoni. Vangjel alinyang'anywa lori, akaenda naye na watoto. Mtu mmoja aliruhusiwa kubaki kuishika nyumba yetu, la sivyo ingepewa wengine, na mtu huyo nikawa mimi.

Alikaa huko miaka kumi na moja. Kifua kilimwanza msimu wa pili wa baridi na hakikupona. Mwisho alirudishwa mjini kwa matibabu, na hapo ndipo nilipomzika, ana miaka hamsini na mmoja.

Wanaponiuliza habari zake, hupenda niwasimulie ukumbi, goti la Rakip na namba tano. Nawasimulia. Kisha nawaambia na hili, waliandike kama wanaandika: mtu aliyemwomba aweke sahihi na mtu aliyepimiwa kona mia moja ni mmoja, na miaka ile kumi na moja, yeye akipuliza kuni mbichi huko juu, mtu huyo alilala katika nyumba yake, penye joto.